Kilo Nne za Fikirini

Jumanne, 2 Oktoba 1973

Barua imefika! Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama, ya nne nikakaa.

Usaili wa vijana wa kwenda kusomea uafisa jeshini ni Ijumaa tarehe 26, saa mbili asubuhi, uwanja wa mpira. Mbio maili tatu, zisizidi dakika ishirini na mbili. Pushapu arobaini. Kupanda kamba. Cheti cha kidato cha nne. Barua ya tabia njema. Umri usizidi miaka ishirini na miwili. Na uzito — hapo ndipo aliyeandika barua aliponichoma — usipungue kilo hamsini na mbili. Asiyefikisha hata mbio hakimbii. Anarudishwa hapo hapo kwenye mizani.

Nina vijana sita. Tangu Julai nawafanyisha mazoezi bure, kila jioni, Chuno hadi Shangani na kurudi kupitia mchangani, mimi nyuma yao na baiskeli kwa sababu ya hili goti. Watano uzito wanao. Wa sita ni Fikirini. Leo nimempima kwenye mizani ya ghala la korosho la chama chetu cha ushirika, maana mtunza ghala ni mimi na ufunguo ninao. Kilo arobaini na tisa!

Na ndiye mwenye kitu! Maili tatu kwa dakika kumi na tisa, tena kabla sijampa raba zangu alikuwa anakimbia peku. Wenzake nikiwafokea wananuna. Yeye anajirekebisha na kuendelea. Miaka yake ishirini na miwili. Mwakani umri umeshampita. Ni safari hii au arudi kupalilia mikorosho ya mama yake mpaka azeeke.

Mimi nilikaa jeshini miaka kumi na miwili, nikatoka sajini. Wadogo kwangu walinipita wakapata nyota, mimi na darasa langu la nne nimesimama mkakamavu nawapigia saluti. Sawa. Lakini Mreno yuko hapo tu ng'ambo ya Ruvuma anapigana, na maafisa kutoka huku kwetu ni wa kutafuta kwa tochi. Nataka mmoja! Nimpigie saluti huyo mmoja, kisha goti likitaka kuvunjika na livunjike.

Veronika, mke wangu, ni mkunga kliniki ya mama na mtoto. Anasema nimpeleke Fikirini apimwe kwao, mizani yao mpya. Nikamwambia, afisa mtarajiwa apange foleni na waja wazito? Amecheka mpaka akashika ukuta. Acheke. Mizani yangu inapima korosho za vijiji vyote hivi, itashindwa na kijana mmoja mwembamba?

Na leo ni Ramadhani tano. Mungu wangu.

Alhamisi, 4 Oktoba

Mazoezi na funga ni kazi. Tunaanza saa kumi na nusu, tunamaliza adhana ya magharibi ikilia, ili wanywe maji papo hapo. Abdulrahmani — mtoto wa mwenye duka Shangani, mnene wangu — leo alikaa chini katikati ya pushapu, ati swaumu imemkaba. Saa nane mchana nilimwona nyuma ya duka lao, midomo inang'aa mafuta. Nikapita zangu. Mimi Mkatoliki, swaumu ya mtu naingilia kwa lipi?

Ila kuna jambo jema. Bi Mastura wa Shangani amekuja nyumbani. Huyu ndiye mkubwa wa akina mama pale mtaani, akisema harusi ni kesho basi ni kesho. Amesikia habari za kilo hamsini na mbili. "Mwanangu Andrea, wewe wakimbize. Kulisha tuachie sisi." Kila siku nyumba moja itawafuturisha wote sita. Nikataka kumshukuru, akanikatiza: watoto hawa wakirudi na nyota, hizo nyota si zako peke yako.

Nilitaka kulia. Nikatoka nje nikapuliza filimbi bila sababu.

Jumamosi, 6 Oktoba

Siku ya kupima. Abdulrahmani kaongeza kilo mbili! Kwa siku mbili! Wengine nao wamepanda kidogo kidogo. Fikirini — arobaini na nane na nusu. KASHUKA!

Nimekisogeza kile kipande cha chuma mbele na nyuma juu ya mkono wa mizani, mbele na nyuma, mpaka Fikirini mwenyewe akasema, Afande, hicho hakibembelezwi.

Unakula? Nakula, Afande. Unaumwa? Siumwi. Una minyoo? Akakasirika kwa adabu, yaani akatazama mlango.

Sasa chakula cha akina mama kinakwenda wapi?

Jumapili, 7 Oktoba

Misa. Padri alihubiri, sijui nini. Nilikuwa nagawanya kilo tatu na nusu kwa siku kumi na tisa.

Jumatano, 10 Oktoba

Nimejua!

Leo futari ilikuwa kwa Bi Mastura, nami nikaalikwa. Tumekaa mkekani, wanaume kumi, sinia moja. Uji wa pilipili manga, kaimati, mihogo ya nazi, kisha wali na changu mzima kalala katikati. Abdulrahmani aliuvamia ule wali kama anachimba handaki. Fikirini — matonge matatu. Nilihesabu! Ya upande wake tu, pembeni, wali mtupu. Samaki hakumgusa. Mzee wa nyumba akammegea mnofu, yeye akausogeza kwa jirani yake. Kisha akatoa mkono: "Alhamdulillahi, nimeshiba." Akainuka kunawa.

Wazee wakatazamana kwa furaha. Kijana kafundwa huyo! Bi Mastura huko ndani anamsifu mama mtu ambaye hajawahi kumtia machoni.

Ndiyo hivyo kila nyumba. Mgeni asile kama aliyefuata chakula. Asiguse kitoweo mpaka wakubwa waguse. Asiwe wa mwisho kutoa mkono. Nyumba ikiwa kubwa zaidi ndivyo anavyokula kidogo zaidi. Na kwao hapikiwi tena, kwa sababu mama yake anajua mwanawe kafuturishwa mjini na watu wazima na akili zao! Hivyo tunamzungusha mitaa yote kumnenepesha, naye anarudi nyumbani na njaa na sifa.

Nimepanda baiskeli nikajikuta nazungumza peke yangu barabarani. Nimekasirika na nani? Kafanya kosa gani mtoto? Adabu ile na mimi nilifundwa. Jeshini ndiko ilikonitoka.

Ijumaa, 12 Oktoba

Nimeharibu.

Jana nilimwomba Bi Mastura amwambie mwenye zamu ampakulie Fikirini sahani yake mwenyewe, yenye nyama, ale peke yake. Bi Mastura alinitazama kama nimetukana msikitini. Ana ukoma? Ana kifua? Nikasema ni dawa. Sahani ikapakuliwa. Fikirini akaiona, akawaona wenzake kwenye sinia, akaomba udhuru, akaondoka.

Leo hakuja mazoezini. Mara ya kwanza tangu Julai.

Abdulrahmani anasema ile sahani aliimaliza yeye, isiharibike.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimekwenda kwao, shambani mbele ya Naliendele. Jua, mchanga, mnyororo wa baiskeli umetoka mara mbili. Bi Mwaisha, mama yake, nilimkuta chini ya mikorosho anaokota. Mjane. Mwembamba kama mwanawe. Nikasema huyu naye ningempima sijui ningepata nini.

Nikaeleza yote. Kilo, tarehe, umri. Akasikiliza bila kuacha kuokota. Kisha:

"Mwalimu, miaka ishirini namfunda mwanangu asile kama fisi kwa watu. Leo wewe unataka nimfundue kwa wiki mbili?"

"Nataka awe afisa, Bi Mwaisha."

"Unadhani mimi nataka nini? Mbuzi wangu wote walikwenda kwenye kidato chake cha nne. Kila nikisikia viatu barabarani nafikiri ni barua yake. Lakini afisa asiye na haya, mimi nitamweka wapi?"

  Nyuma ya nyumba mtu alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, sitini na mbili, sitini na tatu. Pushapu. Kumbe hakuacha mazoezi, alinisusa mimi tu. Mjinga yule! Nampenda kama niliyemzaa na nilitaka kumchapa.

Jumatatu, 15 Oktoba

Bi Mastura kapata njia, tena bila kufikiri sana. Mtu haoni haya kwa mama yake, anasema. Basi chakula kiende kwa mama yake.

Kwa hiyo kuanzia leo sajini mstaafu anabeba sufuria. Shangani hadi mbele ya Naliendele, kapu mbele, sufuria nyuma imefungwa kwa mpira wa gurudumu. Pweza wa nazi, wali, maandazi. Njiani watu wananiita, Andrea, unauza shilingi ngapi? Kuna mmoja alinisimamisha kabisa akafunua kifuniko!

Fikirini amerudi. Hakusema samahani, nami sikusema. Nikamwambia zungusha mikono. Akazungusha.

Alhamisi, 18 Oktoba

Mchuzi umemwagika wote penye lile shimo la Chuno. Mbwa watatu wamefuata baiskeli hadi nje ya mji. Suruali nzima inanuka papa. Veronika anakataa kuifua, anasema hiyo ni sare ya jeshi, haimhusu.

Lakini Bi Mwaisha anathibitisha: anakula. Anakula mpaka anafungua mkanda. Na mbio leo, dakika kumi na nane na sekunde arobaini! Nilifikiri saa yangu imesimama. Nikaitikisa.

Jumamosi itasema.

Jumamosi, 20 Oktoba

Arobaini na nane na nusu.

Sufuria sita! Sufuria sita nimebeba kwa goti hili, na chuma kinasema arobaini na nane na nusu, hata robo haikuongezeka!

Niliwafukuza wengine, nikabaki naye. Nikasema maneno ambayo leo jioni nayaona mabaya, lakini niliyasema, basi niyaandike. Nilimwambia afungue. Siku sita tu. Ale mchana, anywe maji, alale, atazilipa siku hizo baada ya Idi, wagonjwa si hulipa? Nani atajua? Nitampa chumba nyuma ya ghala, Veronika atapika.

Akasema, "Mimi si mgonjwa, Afande."

Nikasema kilo zako ni ugonjwa.

 Akaniuliza, taratibu, kama anayeuliza njia: "Nikila mlangoni mwa nyuma leo ili nipate nyota, nikishaipata askari wangu nitawaambia nini?"

Nikamfokea. Nikamwambia hotuba ni rahisi kwa mtu wa kilo arobaini na nane. Nikamwambia ananipotezea jasho langu, na akina mama wa watu wanapika na kuni zao, na mama yake kauza mbuzi kwa ajili ya mifupa. Nilisema mifupa. Aliinamisha kichwa. Alisema ndiyo Afande, akaondoka akikimbia, maana kwao huenda kwa kukimbia.

Mimi ni mtu gani?

Jumapili, 21 Oktoba

Veronika hanisemeshi. Kasikia. Mji huu hauna ukuta.

Jumatatu, 22 Oktoba

Katibu wa chama, Bwana Salumu, kaja kukagua ghala. Kanzu safi, kalamu ya wino mfukoni. Ununuzi wa korosho unafunguliwa Ijumaa tarehe 26. Saa mbili asubuhi. IJUMAA HIYO HIYO!

Nikaomba ruhusa ya asubuhi moja. Hapana. Siku ya kwanza bila mtunza ghala? Nikamkumbusha vijana ni wa mji mzima. Akasema anajua sana, kwani barua za tabia njema za vijana wote sita nani anazitia muhuri? Yeye, kama mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Ameshaziandika. Atazipeleka mwenyewe uwanjani Ijumaa kabla ya saa nne, mkono kwa mkono, wakubwa kutoka Dar es Salaam wamwone.

Akapiga kofi bega la mizani. "Hii vipi, iko kama tulivyoiacha?"

Nikasema iko.

Mimi nilikuwa nafikiria kilo tatu na nusu. Naapa sikuwa nafikiria kitu kingine.

Jumatano, 24 Oktoba

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni ghalani. Saa kumi alasiri. Vijana watafika uwanjani wasinikute. Leo siwezi.

Tangu mwanzo. Mchana Fikirini aliacha masufuria ya Bi Mastura kwetu. Veronika alikuwa anatoka kwenda kazini. Akamkamata mkono, akampeleka kliniki, akamsimamisha kwenye mizani mbele ya akina mama na matumbo yao. Kisha akaja hapa ghalani, bado na aproni, akasema: hamsini na mbili na nusu.

Nikasema mizani yenu mbovu.

Nilijua atakasirika. Hakukasirika. Alikuwa kaja na mfuko wa unga, kilo kumi, haujafunguliwa, umeandikwa kiwandani. Kliniki umepima kumi kamili, akasema. Weka hapo kwako.

Nikaweka.

Kilo sita.

Nikautoa, nikaurudisha. Sita. Veronika akanitazama usoni, akaona kitu ambacho mimi bado sijakiona, akaondoka. Nikaliondoa gunia tupu tunalolitandika juu ya mizani ili isichafuke. Nikaitazama ikiwa tupu. Mkono wa chuma umeinama. Na pale nyuma, chini ya kutu, parafujo.

Niliikaza mimi.

Mwaka sabini na moja, msimu wangu wa kwanza. Bwana Salumu alisimama pale ulipo huo mlango. Kaza kidogo hapo Andrea. Ni ya unyevu, na ya uzito wa gunia, kila ghala hufanya. Nikachukua bisibisi nikakaza. Kilo nne kila gunia. Wiki ya kwanza iliniuma. Ya pili nikatandika gunia juu. Msimu wa pili sikuiona tena. Siyo kwamba nilijifanya sioni. Nilisahau! Nilisahau kama mtu anavyosahau kovu la kisogoni. Nikawachukua watoto wa watu nikawasimamisha hapo juu kila Jumamosi, nikasoma kwa sauti, nikawafokea.

Kilo alikuwa nazo tangu siku ya kwanza. Adabu yake ilimpunguzia nusu kilo tu, isingemtoa. Zile nne nilizokuwa nazisaka kwenye masufuria ya Bi Mastura nilizinyofoa mwenyewe kwa mkono wangu huu. Nikamwambia avunje funga yake kwa ajili hiyo. Nikamwita mifupa.

Mwizi. Naandika nione linavyokaa. Mwizi. 

Alhamisi, 25 Oktoba

Amekuja mwenyewe asubuhi, anacheka! Sijawahi kumwona akicheka meno yote. Hamsini na mbili na nusu, Afande! Veronika hakumwambia zaidi. Nami ningeweza kunyamaza. Ningesema mizani ya ghala ilipata kutu, basi, tukaenda zetu.

Alikuwa anaishika ile mizani, anaipapasa. Kicheko kikapungua. Akauliza mbona basi hii ilisema arobaini na nane. Kisha akahesabu, nilimwona akihesabu. Huyu ana kidato cha nne.

"Mama alileta magunia kumi na moja mwaka jana."

"Ndiyo."

"Yalipimwa hapa."

"Ndiyo."

"Nani aliichezea?"

Nikamwambia mimi. Nikamwambia na Katibu, lakini nilianza na mimi. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Aliinama akafungua kamba za zile raba nilizompa, taratibu bila kuzikata, akazivua, akazipanga pembeni ya mlango zikitazama nje.

"Kesho usije uwanjani, Afande."

Nikasema siwezi kuja hata nikitaka, ununuzi unaanza, nipo hapa. Akasema anajua. Mama yake amepanga kuwa wa kwanza kwenye foleni, apime upesi aende kumwona akikimbia.

Nikamweleza habari ya barua za tabia, ziko mfukoni mwa Bwana Salumu. Nikigusa parafujo hii kabla hajazipeleka, hazifiki. Si yake tu, ya wote sita. Nikasema acha ningoje mpaka saa nne, Fikirini, masaa mawili tu ya asubuhi, kisha naifungua mbele ya watu, nafukuzwa, nafungwa, vyovyote. Mama yako nitamlipa hayo magunia mwenyewe.

Akaniambia, "Barua ya tabia njema!" Basi. Hivyo tu. Akaenda zake peku.

Mchana nilimfuata Bwana Salumu nyumbani kwake. Nikamwambia turekebishe kimya kimya kabla ya kesho, asijue mtu. Alinikaribisha vizuri sana. Akaniuliza hali ya goti. Akasema korosho zina unyevu mwaka huu kuliko mwaka jana. Kisha akazitoa zile barua sita, akazipanga mezani moja moja, majina juu, akazirudisha mfukoni. Kesho asubuhi atapita kwanza ghalani kuinua gunia na kutazama mizani, kama anavyofanya kila msimu.

Nimemwambia Veronika. Akasema, "Unaniuliza mimi?" Nikasema ndiyo. Akasema mimi ni mkunga, mtoto akishafika mlangoni haulizwi kama wakati ni mzuri.

Ijumaa, 26 Oktoba

Saa mbili kasorobo. Nimeingia ghalani kwa mlango wa nyuma, nimefunga komeo la mbele. Nasikia foleni. Wanaongea, wanakohoa, magunia yanatuliwa chini.

Saa mbili na dakika tano. Abdulrahmani kapita mbio dirishani, kaniambia kwa kuhema: wameanza kupima mapema, Fikirini kapita! Hamsini na mbili na robo! Daktari kamgonga mgongo. Wanajipanga kwa mbio. Na kwa nini huji, Afande, wote wanakuuliza? Bi Mastura kaja na wanawake wake wote na kanga mpya. Nikamwambia rudi upesi, utakosa mbio. Yeye pia ni mkimbiaji wangu, nilikuwa nimesahau hata kumtazama. Nikamwambia, pumua kwa pua. Akacheka akaondoka.

Saa mbili na dakika kumi na nne. Filimbi. Nimeisikia hadi hapa. Wameondoka.

Nimeweka saa yangu juu ya mizani. Maili ya kwanza ataikimbia kwa dakika sita na kidogo, nilimkataza asiende kwa kasi zaidi. Peku, kwenye changarawe ile.

Dakika sita za mbio. Sasa anageuka.

Bwana Salumu kafika. Nasikia sauti yake nje, anawasalimia watu, anauliza kwa nini mlango bado. Anagonga. Andrea! Wakulima wanangoja!

Gunia la juu nimeliondoa. Bisibisi ninayo. Parafujo imeshika kutu, imegoma, nimeiwekea mafuta ya taa. Imezunguka nusu. Imezunguka tena. Mkono wa chuma unapanda. Nikiacha hapa ni kilo mbili. Nimejikuta nafikiri kuachia hapo, kilo mbili! Hata sasa!

Dakika kumi na mbili. Maili ya pili imeisha. Hapa ndipo anapowaacha wenzake.

Imelingana. Naitazama tupu, imelala sawasawa. 

Bwana Salumu amebadilisha sauti. Anasema karibu na ufa wa mlango, pole pole, watu wasisikie: Andrea, ninazo hapa mfukoni. Saa nne ikipita, imepita.

Na nyuma yake, palepale mlangoni, sauti ya Bi Mwaisha, anacheka kwa haraka zake, hajui lolote: "Mwalimu, fungua basi! Nipimie upesi, nikamwone mwanangu akimaliza!"

Dakika kumi na sita. Anakuja sasa. Mimi nimeshika komeo.